Mupunga wa Kasongo: mbegu iliyokuja na misafara, ikabaki kwetu



Kwenye ukurasa huu tumeshasoma mengi juu ya Tippu Tip, vita vya Waarabu na Wabelgiji, reli na machimbo. Leo naomba tuongee juu ya kitu kidogo ambacho kimepita ndani ya historia hiyo yote bila kuandikiwa kitabu: mpunga. Ama mupunga, tunavyosema sisi wenyewe kule Kasongo na Kabambare.

Kwa nini mpunga? Juu ukimwuliza kijana wa Kasongo chakula cha sikukuu ni nini, atakuambia wali. Idi ni wali, Noeli ni wali, ndoa ni wali, matanga ni wali. Ukimwuliza tena huo mpunga ulitoka wapi, wengi watasema ni wa wazee, ulikuwako tangu zamani. Wengine watasema uliletwa na Wabelgiji. Majibu yote mawili hayako sawa. Kati yake kuna historia ya miaka kama 150 ambayo inatuhusu sisi tuliosoma, na mwisho wake bado haujaamuliwa.

Kabla ya mpunga

Wazee wetu hawakuwa na njaa wakingojea mgeni alete chakula. Wabangubangu wa Kabambare, Wazimba, Wazula, Wakusu na Wagenya wa mto Lualaba walikuwa na ndizi, mtama, ulezi, karanga, mahindi na mihogo. Na humo tayari mlikuwa na wageni. Mahindi, karanga na mihogo asili yake ni Amerika. Ilivuka bahari ya Atlantiki na Wareno, ikaingia bara polepole, soko kwa soko, mkono kwa mkono. Leo mtu akikuambia sombe ni chakula cha asili, mwambie ni kweli, lakini asili nayo ina safari yake.

David Livingstone alifika nchi ya Maniema mwaka 1869 na akakaa muda mrefu Kabambare, ambako yeye anaandika Bambarre. Mwaka 1870 hadi mwanzo wa 1871 vidonda vya miguu vilimzuia hapo miezi mingi. Alichokieleza ni nchi yenye vijiji vingi na mashamba mengi, na masoko ambayo wanawake walijaa na mizigo yao. Soko la Nyangwe ndilo alilolishuhudia tarehe 15 Julai 1871 watu wa misafara wakilipiga risasi, na mamia ya watu, wengi wao wanawake, wakafa kwa risasi ama wakazama Lualaba. Tukumbuke tarehe hiyo. Wale waliouawa walikuwa wakulima waliokuja kuuza mazao yao.

Mbegu inapanda kutoka pwani

Mpunga unaoliwa kwetu, ule wa asili ya Asia, ulifika pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya bahari ya Hindi karne nyingi zilizopita. Afrika ya Magharibi nayo ina mpunga wake, uliozaliwa bonde la mto Niger, lakini si huo uliotufikia. Wetu ulitoka mashariki. Ulifuata njia ya pembe za ndovu na watumwa: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kuvuka Tanganyika, Kabambare, Kasongo, Nyangwe. Kabambare ilikuwa mlango. Msafara ukitoka ziwani, hapo ndipo ulipumzika kabla ya kuendelea hadi Lualaba.

Msafara wa watu mamia hauwezi kula pembe. Unataka chakula kinachokaa muda bila kuoza na kinachobebeka. Mpunga mkavu unakaa, unafungwa kwenye mzigo, na ukifika mahali unaweza kuupanda. Halafu kuna jambo la heshima. Waungwana, wale watu wa misafara waliojihesabu kuwa watu wa pwani hata kama walizaliwa Unyamwezi ama hapa hapa Maniema, walijitambulisha kwa kanzu, kwa dini, kwa lugha hii ninayoandika, na kwa wali. Kula wali ilikuwa njia ya kusema: mimi ni mwungwana.

Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyefika Nyangwe mwaka 1874, aliandika kwamba mji ulikuwa sehemu mbili juu ya miinuko, na katikati bonde la majimaji, mahali pazuri pa mpunga. Kwa hiyo ndani ya miaka michache tu wageni walikuwa wameshalisoma bonde hilo na kuliona kwa jicho la mkulima wa mpunga. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ndiye Tippu Tip, alijiweka Kasongo katika miaka hiyo hiyo. Mji wake wa zamani, mahali ambapo watu wanapaita Tongoni, ukazungukwa na mashamba.

Mashamba hayo yalikuwa makubwa kiasi gani? Sidney Langford Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa na jeshi la Francis Dhanis, aliingia Kasongo mji ulipotekwa tarehe 22 Aprili 1893. Katika kitabu alichotoa mwaka 1897 anasema msitu ulikuwa umesafishwa kwa maili nyingi, miwa, mahindi, matunda na mpunga vikistawi, na kwamba alisafiri saa moja na nusu ndani ya shamba moja tu la mpunga. Saa moja na nusu! Wengi wetu hatujaona shamba la namna hiyo Kasongo ya leo.

Nani alishika jembe?

Hapa naomba tusimame kidogo, juu najua wapo watakaosoma mistari hiyo na kujisikia fahari. Fahari iko, siikatai. Lakini nauliza kama mtu wa historia: shamba la saa moja na nusu lilifyekwa na nani?

Tippu Tip ametuachia habari za maisha yake kwa Kiswahili. Humo anaongea sana juu ya pembe, vita na biashara. Wanaolima ni kama hawapo. Hata hivyo tunajua jibu. Msitu ulifyekwa na watumwa, na watu wa vijiji vilivyotiishwa, na vijana waliochukuliwa utotoni wakafanywa wafuasi. Wanawake waliotekwa walipanda, walipalilia, walifukuza ndege, walitwanga kwenye kinu. Baadhi yao ndio bibi zetu. Kasongo ina familia nyingi ambazo ukipanda ukoo wake mpaka kizazi cha nne ama cha tano unamkuta mtu aliyeletwa.

Kwa hiyo ninaposema mpunga ni urithi wetu, simaanishi zawadi ya bwana mkubwa. Namaanisha ujuzi wa wale waliolazimishwa, ambao baadaye waliushika kuwa wao. Mabwana waliondoka. Tippu Tip alirudi Unguja mwanzo wa miaka ya 1890 na kufa huko mwaka 1905. Mwanawe Sefu alikufa vitani mwaka 1893. Kabambare iliangukia mikononi mwa jeshi la Dola Huru ya Kongo mwezi wa Januari 1894, Rumaliza akakimbilia ziwani. Mbegu haikukimbia. Ilibaki na wale walioipanda, na waungwana waliosambaa wakaipeleka kaskazini, upande wa Kisangani.

Shamba la Bula Matari

Wabelgiji waliukuta mpunga, hawakuuleta. Walichokileta ni lazima ya namna nyingine. Koloni ilihitaji chakula cha kulisha askari, wafanyakazi wa reli na wa migodi. Reli ya Kindu hadi Kongolo, iliyojengwa kabla ya vita vya 1914, ilifanya mpunga wa ng'ambo ya Lualaba uweze kwenda mbali.

Halafu ikaja sheria ya tarehe 20 Februari 1917. Hiyo ndiyo iliyoweka mashamba ya lazima Kongo nzima, kwa msukumo wa Edmond Leplae, mkubwa wa kilimo wa koloni. Kila mwanaume mwenye nguvu alipaswa kutoa hadi siku 60 kwa mwaka kulima kile alichoambiwa: pamba, mpunga, ama kingine, kwa bei iliyopangwa na wengine. Wakati wa vita vya pili vya dunia siku hizo zikapandishwa kuwa 120. Asiyelima alipata faini, jela, na ile fimbo ya ngozi ya kiboko. Sehemu zetu ni kati ya zile za kwanza kujaribiwa pamba, na pamba haikuliwa na mtu. Familia nyingi zilikuwa na mashamba mawili, la serikali na la tumbo.

Ndiyo maana hata leo, ukiongea na wazee juu ya kilimo, utasikia neno agronomu likitamkwa kwa sauti mbili. Sauti ya kwanza ni ya heshima, juu alijua mambo. Ya pili ni ya hofu, juu alikuja na polisi. Sisi wenye diploma za kilimo tujue kwamba tunaingia kijijini na kivuli hicho nyuma yetu. Mkulima asipokusikiliza mara ya kwanza, si ujinga. Ni kumbukumbu.

Tusiache pia kusema upande mwingine. Mwaka 1933 ilianzishwa INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, makao yake Yangambi kwenye mto Kongo. Huko zilichaguliwa mbegu za mpunga wa nchi kavu, ule unaotegemea mvua tu. Mbegu ya R66 ilienea sana nchini. Nyingine, OS6, ilivuka mipaka na kupandwa hadi Nigeria. Ni mbegu za Kongo zilizolisha wengine. Watafiti hao walijaribu pia kupanga mashamba kwa mistari mirefu iliyopakana na msitu, ili mkulima akihama, miti irudi haraka kutoka pembeni. Wazo hilo kwa kweli lilijengwa juu ya elimu ya wazee: shamba linafyekwa, linalimwa, linaachwa lipumzike. Tofauti ni kwamba wazee walihama kwa hiari yao, na koloni ikawapangia.

Jinsi ghala lilivyopungua

Baada ya 1960 hakukuwa na fimbo, lakini barabara nazo zilianza kuondoka. Uasi wa Simba mwaka 1964 ulipita Maniema yote. Kwa uamuzi wa Novemba 1973 biashara za wageni zikapewa wenyeji, na wengi wa waliozipokea hawakuwa na mtaji wala magari ya kununua mavuno vijijini. Mpunga ukikosa mnunuzi, mkulima analima wa kula tu. INEAC iligeuka INERA, lakini mbegu mpya zilifika kwa shida.

Kisha vita vya 1996 na 1998. Kasongo na Kabambare zilijua askari wa kila namna, na Mai-Mai wa kila jina. Kwenye vita vya namna hii mpunga ndio unaoteseka kuliko mihogo. Muhogo unaweza kujificha ardhini mwaka mzima, mwenyewe akiwa amekimbia msituni. Mpunga unaiva kwa siku zake. Usipokuwepo siku hizo, ndege na simbiliki wanavuna badala yako, ama mwenye bunduki anavuna. Na jambo baya zaidi: aliyekimbia alikula ile mbegu. Shamba lililokosa mavuno ni hasara ya mwaka mmoja. Mbegu iliyoliwa ni hasara ya vizazi, juu ilikuwa imechaguliwa mkono kwa mkono tangu enzi za bibi.

Upande wa Kabambare likaongezeka la dhahabu. Namoya na Salamabila zinavuta vijana, na siwalaumu. Shimo linalipa leo, mpunga unalipa baada ya miezi minne. Lakini ukifika machimboni utakuta mchele unaouzwa kwa bei ya juu umetoka mbali, wakati ardhi ya kuulima iko hapo nyuma ya kambi.

Mpunga wenye afya unataka nini

Historia peke yake haishibishi. Nimekaa na wakulima, hasa mama zetu, na nimesoma yale wataalamu wanayofundisha. Kwa mambo mengi wanakubaliana. Nayaweka hapa kwa ufupi kwa yeyote anayetaka kulima wakati wa likizo ama anayengoja kazi ya ofisi.

Kwanza, ardhi. Udongo wetu wa msituni unaonekana mweusi na tajiri, lakini utajiri wake uko juu juu tu. Majivu ya miti iliyochomwa ndiyo yanayolisha mpunga mwaka wa kwanza, na mvua inayachukua haraka. Ndiyo maana mpunga unakuja kwanza, kisha mihogo na ndizi zinashika nafasi, kisha shamba linapumzika. Zamani lilipumzika miaka kumi na zaidi. Leo, karibu na mji, miaka mitatu ama minne. Ukikosa msitu wa kuhamia, ingiza karanga ama kunde baada ya mpunga, juu mizizi yake inarudisha nguvu ardhini, na usichome mabua yote. Yaache yaoze. Ila kama shamba lilikuwa na ugonjwa, hayo yaondoe.

Pili, mbegu. Usipande kile kilichobaki kwenye gunia la chakula. Bibi zetu waliingia shambani kabla ya mavuno, wakachagua masuke makubwa yaliyoiva sawa, wakayafunga pembeni na kuyaanika juu ya moshi wa jiko. Hiyo ndiyo kazi ya mtafiti wa mbegu, bila koti jeupe. Ongeza jambo moja: kabla ya kupanda, tia mbegu kwenye maji ya chumvi. Chumvi iwe nyingi mpaka yai bichi lielee. Zinazoelea ni tupu ama zinaumwa, zitoe. Zilizozama zisuuze kwa maji safi, zikaushe, uzipande.

Tatu, nafasi na palizi. Panda kwa mistari, sentimita 25 hadi 30 kati ya shimo na shimo, mvua zikishakaa vizuri. Mpunga uliosongamana unaumwa haraka. Palilia wiki ya pili ama ya tatu baada ya kuota, na urudie kabla haujatoa masuke. Mpunga mdogo hauwezi kushindana na majani. Akina mama wanajua hilo kuliko sisi, juu mgongo ni wao.

Nne, ugonjwa. Ukiona majani yana madoa yenye umbo la jicho, katikati kijivu na pembeni kahawia, huo ni ugonjwa wa ukungu, na ndio adui mkubwa wa mpunga wa nchi kavu duniani kote. Ukishika shingo ya suke, suke linakauka na punje zinabaki ganda. Dawa ya dukani ni ghali na mara nyingi haipatikani kwetu. Kinga ni mbegu safi, kupanda kwa wakati, kutosongamanisha, kutozidisha mbolea ya dukani kwa aliye nayo, na kuchagua mbegu inayovumilia. Usitegemee mbegu ya namna moja tu. Zipo za NERICA, zilizozaliwa kwa kuchanganya mpunga wa Asia na ule wa Afrika Magharibi, na nyingi kati yake zinaiva kwa siku kama 100. Jaribu kipande kidogo kwanza, uilinganishe na ya nyumbani.

Tano, mavuno. Punje zikiwa na maziwa, ndege wanakuja, lazima mtu awe shambani asubuhi na jioni. Simbiliki wanazuiwa kwa kusafisha pembeni ya shamba na kwa mitego. Vuna suke likiwa limegeuka rangi ya majani makavu karibu lote, anika vizuri, na uhifadhi mahali pakavu. Punje iliyokauka ukiiuma inalia kaa! Isipolia, rudisha juani.

Shamba la kwetu linalotegemea mvua mara nyingi halitoi hata tani moja ya mpunga kwa hekta. Sisemi mambo hayo matano yatafanya miujiza. Nasema yanaanza na kitu ambacho hakinunuliwi: kuangalia vizuri.

Kazi yetu

Sasa nifike kwa hoja yangu. Mpunga uliingia kwetu kwa nguvu ya bunduki za misafara. Ukakuzwa kwa nguvu ya sheria ya koloni. Ukapotea nusu kwa nguvu ya vita. Mara zote tatu aliyeamua alikuwa mtu mwingine, na aliyeinama shambani alikuwa mama yetu ama baba yetu. Hatujawahi kuona Kasongo inayolima mpunga mwingi kwa hiari yake, kwa bei yake, na kwa mbegu iliyochaguliwa na wenyewe. Sura hiyo haijaandikwa bado, na mimi naamini ni zamu ya kizazi chetu.

Simwambii kila mhitimu arudi kushika jembe. Wa sheria afuatilie kodi za vizuizi barabarani zinazomla mkulima kabla hajafika sokoni. Wa uchumi ahesabu gharama ya gunia kutoka kijijini hadi Kindu, atuonyeshe pesa zinapotelea wapi. Wa kilimo aende vijijini bila kivuli cha yule agronomu wa zamani: aulize kwanza, afundishe baadaye. Na sisi wa historia tukusanye majina ya mbegu. Kila kijiji kina majina yake ya mpunga, na kila jina ni hati: linasema ilitoka kwa nani, iliiva lini, ilipendwa kwa nini. Wanaoyajua wengi wao wamepita miaka sabini. Tusipoandika sasa, tutakuja kuyatafuta na hatutamkuta wa kutuambia.

Aliye na jina la mbegu ya kwao, atuandikie hapa: jina, kijiji, rangi ya punje, na alivyosikia kwa bibi yake. Tuanze na hilo.